Karatasi za ofisi ya serikali: ipi inunuliwe kwanza, ipi ikimbiwe

Kuna sentensi inayojirudia kwenye nyaraka nyingi za zabuni: "Bidhaa ziwe rafiki kwa mazingira." Niliwahi kukaa kwenye kamati ya tathmini iliyoandika hivyohivyo kwa ajili ya rimu za A4. Wazabuni wote walipita. Kila mmoja alikuwa na jani la kijani mahali fulani kwenye kifungashio, na mmoja aliongeza picha ya ndege. Tulipofungua rimu ya aliyeshinda kwa bei, tulikuta karatasi ya miti mipya kabisa, nyeupe hadi inaelekea bluu, bila cheti chochote. Hatukuwa na pa kumshika. Tuliomba urafiki, akatuletea urafiki.

Tangu siku hiyo naamini serikali hainunui bidhaa, inanunua kile kilichoandikwa kwenye zabuni, neno kwa neno. Ndiyo maana mpangilio huu hauishii kusema karatasi ipi ni bora. Unagusa pia namna ya kuidai kwa maandishi. Nimechagua karatasi kwa sababu hakuna ofisi isiyoinunua, na kwa sababu afisa ununuzi aliyeielewa karatasi hatasumbuliwa sana na tona, matairi wala mafuta ya injini.

Kabla ya yote: asilimia ya nini?

"Karatasi iliyorejelezwa asilimia 50." Sawa, asilimia 50 ya nini? Kuna mabaki ya kiwandani, kwa mfano vipande vinavyokatwa mtengeneza bahasha anapofanya kazi yake. Halafu kuna karatasi iliyomfikia mtumiaji, ikasomwa, ikafanya kazi, ikatupwa. Hivi ni vitu viwili. Mabaki ya kiwandani ni safi na yana soko lake siku zote. Hakuna mwenye kiwanda anayeyatupa. Kazi ngumu, ile inayohitaji mnunuzi mkubwa wa kuisukuma, ni kuikusanya karatasi iliyokwisha kutumika na kuirudisha sokoni. Kiwango cha kimataifa cha madai ya mazingira, ISO 14021, kinakwenda mbali zaidi: chakavu kinachorudishwa ndani ya mchakato uleule kilikotoka hakihesabiwi kabisa kuwa urejelezaji.

Marekani waliliona hili mapema. Sheria yao ya taka ya mwaka 1976, kifungu cha 6002, inazitaka taasisi za serikali kuu kununua bidhaa zenye malighafi iliyorejelezwa, kwa orodha inayotolewa na wakala wao wa mazingira, EPA. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton akasaini amri iliyotaka karatasi za fotokopi ziwe na asilimia 20 ya nyuzi za karatasi zilizotoka kwa watumiaji kufikia mwisho wa 1994, kisha 30 kuanzia mwisho wa 1998. Angalia jinsi ilivyoandikwa: ina namba, ina aina ya malighafi, ina tarehe. Muuzaji haachiwi nafasi ya kupenyeza jani la kijani.

1. Karatasi ambayo hukuinunua

Mtasema nimedanganya kuweka nambari moja kitu kisichouzwa. Lakini hesabu haina ubishi. Shiti moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo rimu ya shiti 500 ni kilo mbili na nusu. Ofisi inayotumia rimu 1,000 kwa mwaka inabeba tani mbili na nusu za karatasi. Printa zote zikipangwa zichape pande mbili bila mtu kuulizwa, sehemu kubwa ya mzigo huo inapotea, na hakuna zabuni iliyotangazwa. Kushuka kutoka gramu 80 hadi 75 kunapunguza asilimia 6 nyingine ya malighafi kwa idadi ileile ya shiti. Mwulize fundi wa mashine kwanza kama zinaikubali gramu 75, nyingi zinaikubali.

2. Iliyorejelezwa asilimia 100, yenye nembo ya mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi

Hii ndiyo chaguo langu kwa karatasi ya kila siku: barua za ndani, rasimu, fomu, nakala za vikao. Nembo inayojulikana zaidi ni ya Ujerumani, Blue Angel, iliyoanza mwaka 1978. Kwa karatasi za ofisi inataka nyuzi zote zitoke kwenye karatasi taka. Nembo ya FSC Recycled, ya FSC, baraza la kimataifa linalotoa vyeti vya misitu, nayo inataka malighafi yote iwe ya kurejelezwa, ila inakubali mabaki ya kiwandani yahesabiwe humo. Ni nzuri, lakini kama unataka nyuzi zilizotoka kwa watumiaji, sema hivyo kwa herufi.

Inavyotengenezwa haina uchawi. Karatasi kuukuu hulowekwa na kupondwa hadi iwe rojo, sabuni ikaingizwa, hewa ikapulizwa kutoka chini. Chembe za wino hung'ang'ania mapovu na kupanda nayo juu, kisha povu lile jeusi linaenguliwa kama mpishi anavyoengua povu la sufuria. Kinachobaki ni nyuzi. Baadhi ya viwanda huzing'arisha, vingine huziacha na ukijivu wake.

Malalamiko utakayoyasikia ni kwamba inakwama kwenye mashine. Mara nyingi mkosaji ni unyevu, si urejelezaji. Karatasi yoyote hunywa unyevu. Rimu iliyofunguliwa Ijumaa ikaachwa karibu na dirisha, Jumatatu kingo zake zimeinuka, na mashine inaimeza shiti mbili kwa pamoja. Kabla ya kuilaumu karatasi, tazama ilikolala. Tazama pia mshale uliochapwa kwenye kifungashio cha rimu nyingi: unaonyesha upande wa kuanza kuchapa, na karibu hakuna anayeusoma. Ili kumaliza ubishi huo kwa maandishi, Ulaya wana kiwango cha EN 12281 cha karatasi za mashine za fotokopi na printa za leza. Kinapima kama karatasi inafanya kazi, hakijali nyuzi zilitoka wapi.

Tahadhari moja kubwa ni weupe. Karani akinakili sifa za karatasi ya zamani na kudai weupe wa juu kabisa, amezifungia nje karatasi nyingi zilizorejelezwa bila kujua. Ukikuta zabuni ya kijani haipati wazabuni, anza kwa kusoma mstari wa weupe.

Mimi ningeandika hivi: karatasi A4, gramu 80 kwa mita ya mraba, nyuzi zote zitoke kwenye karatasi taka, na mzabuni ataje asilimia iliyotoka kwa watumiaji, ithibitishwe na nembo huru ya aina inayoelezwa na ISO 14024 au uthibitisho mwingine unaolingana nayo, ifae printa za leza. ISO 14024 ni kiwango cha kimataifa cha nembo za mazingira zinazotolewa na chombo huru.

Hayo maneno "au uthibitisho mwingine unaolingana nayo" si pambo. Jimbo la North Holland, Uholanzi, lilitangaza zabuni ya mashine za kahawa na kutaja nembo za biashara ya haki na kilimo hai kwa majina. Suala likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2012 mahakama ikasema mnunuzi wa umma hawezi kutaja nembo tu. Alipaswa kueleza vigezo vilivyo nyuma yake na kukubali ushahidi mwingine. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 yalilegeza kamba kidogo: unaweza kuidai nembo, mradi vigezo vyake viko wazi kwa wote na vinahusu kile unachonunua, na unakubali zinazolingana nayo. Mzabuni aliyeshindwa huanza kutafuta hapohapo.

3. Mchanganyiko wa nyuzi mpya na zilizorejelezwa, kuanzia asilimia 30 ya zilizorejelezwa

Pale ambapo ya asilimia 100 haipatikani au ina muuzaji mmoja tu, hii inafaa. Usiiandike kama lengo, iandike kama sakafu: chini ya 30 hapiti mtu, na kila asilimia ya juu inaongeza alama. Wauzaji wataanza kushindana kwa kitu unachokitaka.

4. Ya miti mipya, msitu ukiwa na cheti

Wapo wanaoiona kama kushindwa. Si haki. Nyuzi hufupika kila zinaporudi kiwandani, na baada ya safari kama tano hadi saba hazishikani tena. Nyuzi mpya zisipoingia mahali fulani, hakutakuwa na cha kurejeleza. Swali ni msitu upi. FSC, iliyoanzishwa mwaka 1993, ina lebo tatu ambazo watu huzichanganya: FSC 100% yote imetoka kwenye misitu yenye cheti, FSC Mix ni mchanganyiko, FSC Recycled tumeshaiona. Ukiandika "iwe na FSC" utaletewa ya bei nafuu kati ya hizo.

Hii ningeitumia pia kwa nyaraka za kudumu, kama hati za ardhi na hukumu, lakini kigezo cha huko ni ISO 9706, cha karatasi ya kudumu. Zipo zilizorejelezwa zinazokifikia, kwa hiyo usizifungie mlango.

5. Makapi ya miwa, mianzi na mengineyo

Inategemea. Makapi ya miwa yanasikika kama taka iliyookolewa, lakini viwanda vingi vya sukari huyachoma kupata mvuke na umeme. Yakiuzwa kwa mtengeneza karatasi, tanuri litakula nini badala yake? Jibu likiwa makaa ya mawe, umehamisha tatizo. Uliza, na majibu yakiwa mazuri, panda hadi nafasi ya 3.

6. Ya kuikimbia: jani la kijani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa kinajitembeza kwa maneno haya.

"Haina klorini": karibu viwanda vyote vikubwa vimeshaacha kung'arisha kwa gesi ya klorini, hivyo maneno hayo peke yake hayamtofautishi mtu na mwenzake. "Haina asidi" inahusu karatasi kutogeuka njano, msitu haumo. "Inaoza": ni karatasi, ingefanya nini kingine?

Na ile mishale mitatu inayofukuzana. Ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, mwanafunzi wa California, na haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuichapa kwenye chochote. Bila asilimia ndani yake, huenda inasema tu kwamba karatasi hii inaweza kurejelezwa. Haisemi kwamba imerejelezwa.

Kwa nini usitegemee maabara

Januari 2008 viwanda vikubwa vya karatasi vya Japani vilikiri kwamba kwa miaka vilikuwa vikitia nyuzi zilizorejelezwa kidogo kuliko vilivyotangaza. Kadi za salamu za mwaka mpya za posta, zilizopaswa kuwa na asilimia 40, zilikuwa na kidogo mno, na karatasi za fotokopi zilizouzwa kwa serikali nazo zilikuwemo. Japani hiyo ina sheria ya ununuzi wa kijani tangu mwaka 2000, tena kali. Tatizo ni kwamba shiti ikishakauka, ni vigumu sana kupima kwa uhakika nyuzi zake zilitoka wapi. Unanunua mbuzi kwenye gunia, isipokuwa kama kuna mtu aliyelifuata gunia tangu zizini. Kwa hiyo dai cheti cha mnyororo mzima, na weka kwenye mkataba haki ya kukagua vitabu vya kiwanda.

Bei

Ikiwa kanuni zako zinasema bei ya chini ndiyo mshindi, basi kazi yote iko kwenye sifa za lazima. Ukiuacha urejelezaji kwenye alama za ziada zisizozidi tano, bei itazimeza. Sheria ya Marekani niliyoitaja ina milango mitatu ya kutokea: bidhaa haipatikani kwa muda unaofaa, haifikii kiwango cha utendaji, au bei yake haina busara. Ni milango ya haki. Ila anayeitumia aandike sababu kwenye jalada, na ofisi kadhaa zikinunua kwa mkataba mmoja mlango wa tatu huwa mwembamba.

Kwa upesi, majirani wa karatasi. Tona iliyojazwa upya: dai idadi ya kurasa iliyopimwa kwa ISO/IEC 19752, na muuzaji aichukue katriji tupu. Mafuta ya injini yaliyosafishwa upya: dai daraja lilelile la API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya mafuta ya injini, unalodai kwa mapya, basi. Matairi ya kuvalishwa mpira upya: anayeyaogopa aambiwe kwamba ndege za abiria hutua kwa matairi ya namna hiyo.

Siku ya kupokea mzigo, usihesabu maboksi peke yake. Fungua boksi la katikati, si la juu. Linganisha kifungashio na sampuli mliyoipitisha: nembo, namba ya leseni iliyo chini ya nembo, asilimia. Namba hiyo itafute kwenye hifadhidata ya watoa nembo, uone kama jina linalotokea ni la kiwanda kilichotajwa. Visipolingana, usisaini hati ya kupokea, na mzigo urudi ukiwa bado kwenye gari.