Vitabu Ninavyompendekezea Anayetaka Kuandika Hadithi

Assalamu alaykum, na hamjambo watazamaji wangu. Leo mezani pana vitabu tu. Wengi mmeniuliza: mtu anataka kuandika hadithi, riwaya khasa, aanze na kitabu gani? Basi nitakuonesheni kimoja kimoja, na nitasema kipi ukinunue, kipi ukaazime maktaba, na kipi ukiweke kando mpaka uwe umeshaandika kitu chako mwenyewe.

Cha mwanzo hichi hapa. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Najua wapo walioguna. Mlikisoma skuli kwa ajili ya mtihani, mkaandika dhamira, ujumbe, mandhari, matumizi ya lugha, mtihani ulipokwisha kikafungwa. Nakuombeni mkifungue tena, na mara hii mkae na penseli. Mtihani ulikuuliza kitabu kinasema nini. Anayetaka kuandika anajiuliza swali jengine: kimefanywa vipi?

Tazama. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi, kaozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu mzima wa kumzaa. Adam Shafi angeweza kutukalisha kitako akatuhutubia juu ya ndoa za kulazimishwa. Hafanyi hivyo. Anatuacha na binti mwenyewe, tunamuona anavyoishi na anavyochoka, mpaka siku anapoondoka tunakuwa tushamtakia aondoke zamani. Kisha anamleta Mwajuma, anayekaa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, na kitabu kizima kinabadilika sauti.

Fanya zoezi hili. Chagua sura yenye mazungumzo mengi, ziba kwa karatasi maelezo yote ya pembeni, usome yale wanayoyasema wahusika tu. Kama unamtambua msemaji bila kutajiwa jina, jiulize umemtambua kwa lipi. Kwa urefu wa sentensi? Kwa utani? Kwa lile asilotaka kulisema? Andika majibu yako pembeni mwa ukurasa. Halafu fanya zoezi hilo hilo kwa hadithi yako. Mimi naliamini zoezi hili kuliko somo lolote la mtandaoni la kulipia.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokwama. Tumefunzwa kusoma kwa dhamira, basi na kuandika tunaanza na dhamira. Mtu anasema, "Naandika riwaya kuhusu dawa za kulevya." Hapo bado hujapata riwaya, umepata mada ya semina. Mtafute mtu kwanza. Nani, anataka nini leo asubuhi, na nani kamkalia njiani? Angalia mfano huu nilioutunga mwenyewe. Chipukizi ataandika: "Bi Asha alikasirika sana baada ya kusikia mumewe ameoa mke wa pili." Sasa sikiliza hivi: "Bi Asha aliendelea kukuna nazi. Kifuu kilikuwa kimeshakwisha nyama, meno ya mbuzi yakikwaruza kitupu, naye anakuna tu. Yule jirani aliyeleta habari akaanza kujuta." Hasira hatukuitaja hata mara moja. Ukivisoma vitabu vya wakubwa wetu kwa jicho hili, utaona namna wanavyolifanya jambo hili ukurasa baada ya ukurasa.

Anayetaka kujifunza kupanga visa, amsome Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958, kikachapishwa 1960, na ndicho kilichotuletea Bwana Msa, yule mpelelezi, na kiko chake. Soma mara moja kwa raha zako. Ukishamjua mkosa, rudi mwanzo, utie alama kila pahala ulipooneshwa jambo nawe ukalipita. Mwandishi hakukuficha. Alikuwekea mbele ya macho, kisha akakushughulisha na jambo jengine. Ufundi huu si wa hadithi za upelelezi peke yake, hata hadithi ya mapenzi inauhitaji. Ukimaliza hapo, nenda Kisima cha Giningi.

Kwa Said Ahmed Mohamed nitakuwa na msimamo: anza na Utengano, usianze na Babu Alipofufuka. Utengano, kisa cha Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake, kitakufunza kumjenga mhusika taratibu. Babu Alipofufuka kinavunja kanuni, na ili ufaidi namna zinavyovunjwa, lazima uwe unazijua. Msomi huyu aliandika pia Kunga za Nathari ya Kiswahili, mwaka 1995. Hichi ni cha uchambuzi, kinazungumzia riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Kizuri, ila ndicho nilichosema ukiweke kando kwanza. Ukikisoma kabla ya kuandika, utaandika kama unayejibu maswali.

Kamusi. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la mwaka 2010, uwe nalo nyumbani. BAKIZA hao hao wametoa kamusi za lahaja: Kimakunduchi, Kitumbatu, Kipemba. Kama mhusika wako ni mvuvi wa Tumbatu, usimsemeshe kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mimi napenda msimulizi abaki kwenye Kiswahili sanifu na wahusika wapewe midomo yao, lakini hilo ni pendekezo tu.

Wanaosoma Kiingereza, viko viwili. On Writing cha Stephen King, cha mwaka 2000, ndicho kinachosifiwa zaidi. Nusu yake ni maisha yake, na inasomeka vizuri. Shauri lake la kuandika rasimu ya kwanza mlango umefungwa, yaani bila kumuonesha mtu, nalikubali moja kwa moja, na hata kama nyumbani hamna chumba chako peke yako, daftari lina jalada. Ila anavyovipiga vita vielezi, usimfuate kibubusa. Sisi tuna "akaanguka pu", tuna "giza totoro", na hivyo vikikaa pahala pake vinafanya kazi ambayo sentensi nzima haiiwezi.

Steering the Craft cha Ursula K. Le Guin nakipenda zaidi, kwa sababu ni cha mazoezi. Zoezi moja linakutaka uandike bila vivumishi wala vielezi. Jengine linakutaka tukio moja ulieleze kwa macho ya watu mbalimbali. Nenda mnadani, uangalie samaki wanavyonadiwa alfajiri. Andika kama mnadi. Andika tena kama mvuvi anayesikiliza bei ya samaki wake. Andika tena kama mama mkaangaji aliyekuja na pesa kidogo. Usibadilishe samaki, badilisha macho.

Haraka haraka: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, isomeni kwa utulivu wa sentensi zake. Na Mungu Hakopeshwa cha Zainab Alwi Baharoon, Mzanzibari mwenzetu, kilianza kama mswada ukashinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ile ambayo siku hizi inajulikana kwa jina la Safal. Dada zangu mnaoandika kwa siri, kisomeni hichi.

Asiye na pesa ya kununua, Maktaba Kuu ya Zanzibar ipo Maisara, mjini Unguja, na wa Pemba mnayo ya Chake Chake. Na kuna kimoja cha bure kabisa kwenye intaneti: hadithi zilizokusanywa hapa Unguja na Edward Steere, akazichapisha London mwaka 1870 kwa jina la Swahili Tales. Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Tafuta Kisa cha Punda wa Dobi. Papa kamchukua kima mgongoni, wako katikati ya bahari, ndipo anapomwambia kuwa sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kuwa wao mioyo huiacha mitini. Kazi yenu kabla ya video ijayo: andikeni mazungumzo hayo upya, wahusika wawe watu wawili ndani ya boti ya kwenda Pemba, mmoja anataka kitu cha mwenzake, na mwenzake kajua sasa hivi. Ukurasa mmoja tu, na asitajwe aliyeogopa.