Themostati ya Tama kwenye Toyota IST: tathmini baada ya miezi minne Dodoma

Nilipolinunua gari langu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, halikuwa na themostati. Fundi wa mmiliki wa awali alikuwa ameing'oa na kuitupa ili gari "lisichemshe", kwa hoja ambayo nimeisikia katika gereji kadhaa za hapa mjini, kwamba Dodoma kuna joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Hoja hiyo ina kasoro, kwa sababu kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kisha kuyafungulia. Ikiwa nzima, haimzuii mtu kupoza injini yake hata mchana wa Novemba.

Hasara ya kuikosa niliiona asubuhi za Juni na Julai. Nikitoka Nkuhungu kwenda Mtumba, taa ya bluu inayoonyesha kwamba injini bado ni ya baridi ilikuwa ikizimika nikiwa nimekwisha kuipita Nzuguni, upande wa pili wa mji, na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, ambacho niliazima kwa jirani, kilionyesha nyuzi 62 hadi 68 katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Katika joto hilo kompyuta ya injini huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na oili haipati moto wa kutosha kuutoa unyevu uliomo ndani yake.

Duka la spea nililoliendea lilikuwa na aina mbili. Ya kwanza iliuzwa shilingi 9,000, haikuwa na chapa yoyote wala namba ya joto iliyogongwa kwenye bati lake. Ya pili, ya Tama kutoka Japani, iliuzwa shilingi 34,000 na ilikuwa na namba 82, yaani nyuzi ambazo inaanza kufunguka. Nilizinunua zote mbili, jambo ambalo mke wangu hadi leo halielewi, nikazijaribu jikoni kabla ya kugusa gari.

Jaribio lenyewe ni rahisi: themostati inaning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako, kipimajoto kinawekwa kando yake, na moto unapandishwa polepole. Ndani ya kichupa chake cha shaba mna nta ambayo ikiyeyuka hutanuka na kusukuma pini inayofungua mlango. Izingatiwe kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kipimo hicho kinatosha kwa themostati ya 82. Ile ya Tama ilianza kuachia kwenye nyuzi 82 au 83, na maji yalipochemka ilikuwa wazi kabisa. Ile ya shilingi 9,000 haikutikisika mpaka nyuzi 92, na maji yalipochemka ilikuwa imefunguka nusu tu. Themostati ya namna hiyo ndiyo inayochemsha magari, kisha lawama zinaangukia themostati zote.

Kuifunga ile ya Tama kwenye gari ilinichukua saa tatu na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo haikuhusu themostati. Kwenye injini hii inakaa upande wa mpira wa chini wa rejeta, nyuma ya alteneta, na nati zake mbili za spana namba 10 hazifikiki vizuri mpaka alteneta itolewe. Kwa hiyo waya wa betri unatangulia kufunguliwa, kisha mkanda, kisha alteneta yenyewe. Injini lazima iwe imepoa kabisa kabla ya kufungua mfuniko wa rejeta na kumwaga maji. Nilikwangua ukoko mweupe uliojaa kwenye makazi ya themostati, zawadi ya miaka ya kujaziwa maji ya bomba, ambayo hata birika la nyumbani kwetu linayafahamu. Mpira wa kuzibia umo ndani ya boksi na ulikaa bila kulazimishwa. Upande wa springi unaelekea ndani ya injini, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kinakaa juu ili hewa ipite. Nati zikazwe kwa kiasi, kwani ni ndogo na hazihitaji nguvu za bega.

Hapa ndipo penye lawama yangu kwa watengenezaji: ndani ya boksi hamna hata mchoro mmoja wa kuonyesha upande wa kitundu hicho. Mtu akikiweka chini, hewa inaweza kunaswa, na gari litachemsha kwa kosa lisilo la kifaa. Mimi nilijaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) polepole, nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto (swichi ambayo sidhani kama iliwahi kuguswa tangu gari lifike Tanzania), nikawa naminya mpira wa juu na kuongeza kulanti mpaka mapovu yakakoma na feni ikawaka na kuzima mara mbili.

Tangu siku hiyo taa ya bluu huzimika kabla sijaimaliza barabara ya Nkuhungu, na joto husimama kati ya nyuzi 83 na 89. Mwezi uliopita nilikwenda Iringa kupitia Mtera nikiwa na abiria wanne na kiyoyozi kikifanya kazi. Katika kupanda milima ya Nyang'oro, mchana, kipimo kilifika 94 na kikarudi 88 tulipofika juu. Kwa shilingi 34,000 ningeinunua tena, ila nisingelipa zaidi ya 40,000. Ile nyingine niliirudisha dukani pamoja na kipimo nilichokiandika kwenye karatasi. Muuzaji alikisoma, akanirudishia fedha zangu, kisha akairejesha themostati rafuni.