Ricoh GR III au Canon 2000D? Natumia zote mbili, haya ndo maoni yangu

Vijana wanaotaka kuanza kupiga picha wananiuliza sana hili swali, kwamba mtu ana hela ya kamera moja tu, sasa achukue DSLR (ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) ya bei ya chini na lenzi yake au achukue hizi ndogo za mfukoni zenye sensa kubwa, sensa ndo kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Wengi wakiishika ile ndogo wanasema ah, hii ya watalii, mteja akiniona nayo atajua sina kazi. Mi nina Canon 2000D, ambayo ni DSLR, na nina Ricoh GR III, ambayo ni ya mfukoni, zote nazitumia hapa hapa Dar, moja inanipa hela na nyingine natembea nayo kila siku, kwa hiyo niseme ninavyoziona.

Tuanze na sensa maana hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Sensa ya 2000D ina milimita 22.3 kwa 14.9. Ya GR III ni milimita 23.5 kwa 15.6. Umeona? Ile inayoingia mfuko wa suruali ndo ina sensa kubwa kidogo kuliko DSLR, na zote mbili ni megapikseli 24. Kinachoifanya DSLR iwe na bodi kubwa vile ni kioo, maana ndani yake kuna kioo kinachopeleka picha juu kwenye kitundu unachochungulia, na ukibonyeza kile kioo lazima kiruke juu kipishe mwanga, kwa hiyo lenzi inabidi ikae mbali na sensa, kwa Canon ni milimita 44 kutoka kwenye mdomo wa bodi. GR haina kioo hicho cha kuruka, lenzi imejengewa humo humo na sehemu yake ya nyuma iko karibu kabisa na sensa, alafu ukizima inajikunja na kurudi ndani. Ndo maana GR ina gramu 257 pamoja na betri na kadi wakati 2000D ukishaiwekea ile lenzi yake ya zumu ya 18-55 unakaribia gramu 700.

Sasa njoo kwenye lenzi, na hapa ndo hoja yangu yote ilipo. Watu wanalinganisha kamera na kamera, ila ukiangalia vizuri unacholinganisha ni lenzi ya Ricoh na ile 18-55 inayokuja kwenye boksi la Canon. Ukiiweka 18-55 kwenye 18 upana wake unakuwa karibu sawa sawa na wa GR, ile tunayoita 28 kwa hesabu za fulfremu, yani kamera zenye sensa kubwa zaidi ya hizi. Ila Canon hapo mwisho wake ni f/3.5 na GR inafungua f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ndo limefunguka zaidi), yani GR inapokea mwanga kama mara moja na nusu ya ule wa Canon, alafu ina stabilaiza ya kutuliza mtikisiko ndani kwenye sensa yenyewe, so jioni mkono ukitulia unapiga kwa shata ya polepole na kitu kilichosimama kinatoka safi bila kupandisha ISO, yani wepesi wa kamera kwa mwanga.

Na ukali wa picha sasa. Nenda Feri asubuhi wakati wa mnada wa samaki, simama pale penye meza za vigae, piga fungu la changu kwa kamera zote mbili toka sehemu moja. Katikati ya picha utaona zinafanana, huwezi kusema ipi ni ipi. Shuka kwenye kona ya chini kushoto, kwenye GR magamba bado yanahesabika moja moja na hata yale matone ya maji yaliyokaa juu ya jicho la samaki yanaonekana, kwenye 18-55 ikiwa imefunguliwa yote kona ile imelainika kama kioo kilichopakwa mafuta. Ukiibana mpaka f/8 inakaa sawa, ila f/8 asubuhi ile mwanga wa kutosha utautoa wapi? Lenzi ya Ricoh imetengenezwa kwa ajili ya sensa ile moja tu na urefu ule mmoja tu, mafundi wake hawakuwa na haja ya kugawanya nguvu kwenye zumu. Ndo hela yako inapoenda pale.

Kitu kingine ninachokipenda mno kwenye GR ni snep fokasi. Unaiambia kamera mapema kwamba fokasi ikae mita 2, unaweka f/8, basi kila kitu kuanzia kama mita moja mbele yako mpaka mbali kabisa kinakuwa kwenye fokasi, na ukibonyeza kitufe mpaka chini kwa mara moja inapiga hapo hapo haitafuti chochote. Kariakoo pale Msimbazi bodaboda inapita, mkokoteni unapita, mama kabeba beseni kichwani, hayo mambo yanatokea kwa nusu sekunde na kamera yenye kutafuta fokasi imeshachelewa. 2000D ina pointi 9 za fokasi na ni ile ya katikati tu ndo imara ya aina ya msalaba, mchana inafanya kazi vizuri tu sikatai, ila ukiwa unachungulia kitunduni unatumia hiyo ya katikati unafokasi alafu unahamisha fremu, na muda huo mtu wako keshapita. Ukihamia kwenye skrini ya nyuma ndo kabisa, fokasi yake pale ni ya polepole, inaenda mbele inarudi nyuma, mtoto hawezi kukusubiri.

Alafu kuna suala la watu wenyewe. DSLR ikitoka kwenye begi kila mtu anageuka, mwingine anaficha uso, mwingine anakuuliza unapeleka wapi hizo picha, na askari akikuona nayo karibu na jengo la serikali au bandari maswali yanaanza. GR haimshtui mtu. Ila nisieleweke vibaya, udogo wa kamera sio ruhusa ya kumpiga mtu picha kwa kumvizia. Mi nikimkuta mzee anasuka ukili nitamwamkia kwanza, shikamoo mzee, naomba nikupige picha, akikubali napiga, na hapo ndo udogo wake unasaidia kweli kweli kwa sababu kamera haifuniki uso wangu, tunaendelea kuongea huku napiga na uso wake unabaki kuwa wake, haukakamai.

Sasa mabaya ya GR, na yapo.

Jua. Haina kitundu cha kuchungulia, ni skrini tu, na saa saba mchana Coco Beach ile skrini huioni hata ukipandisha mwanga wake mpaka mwisho, unabaki kukadiria. Mwenye 2000D anaweka jicho kitunduni anaona kila kitu kama kawaida, jua liwe kali vipi. Kile kitundu ni kidogo na chenye giza kidogo ukikifananisha na kamera za bei ya juu, na kinakuonyesha asilimia 95 ya picha kwa hiyo pembeni kutaingia vitu ambavyo hukuviona, lakini kwa nchi yenye jua kama letu hili ni jambo kubwa sana na wanaoandika rivyu kutoka kwenye nchi za baridi wanalipita haraka haraka.

Betri. Ya GR imepimwa kwa picha kama 200 tu, ya 2000D ni kama 500. Siku ya kutembea na GR bila betri za akiba mfukoni ujue saa sita mchana umeshamaliza. Uzuri wake inachaji kwa waya wa USB-C ule ule wa simu, so pawabenki inatosha, wakati Canon lazima utoe betri uiweke kwenye chaja yake.

Sura za watu. Hii 28 ukimsogelea mtu usoni pua inakua, masikio yanakimbilia nyuma, dada wa watu hatafurahi. GR inakuruhusu kukata picha ionekane kama 35 au 50 ila kwenye 50 unabaki na megapikseli kama 7, na isitoshe umbo la uso halibadiliki kwa kukata, linabadilika kwa wewe kurudi nyuma. Hapa ndo Canon inaamka, lakini sio na ile 18-55. Itoe, weka lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 STM. Kalenzi kepesi gramu 160, bei yake ndogo kuliko lenzi karibu zote mpya za Canon, na kwenye sensa ya 2000D kanakuwa kama 80, ambayo ndo yenyewe kwa sura. Ile 18-55 ukiivuta mpaka 55 inabaki na f/5.6, hii inafungua f/1.8, hesabu yake ni mwanga karibu mara kumi. Mara kumi! Kwenye ukumbi wa sendofu wenye taa za zambarau na MC anazunguka na maiki, hiyo ni tofauti ya kupata picha na kukosa picha. Na nyuma panapotea vizuri, bibi harusi anabaki peke yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia DSLR yangu haitoi picha kali namuuliza kwanza umefunga lenzi gani. Karibu kila mara ni 18-55.

Kwenye rangi za ngozi zetu nina la kusema pia. Ukimpiga mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani, kamera zote mbili zikiachwa zijiamulie zitahangaika, na mara nyingi inabidi uchague kuiokoa kanzu kwanza alafu uje unyanyue uso kwenye kompyuta. Piga RAW hapo, yani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, usibishane. GR inanyanyuka vizuri sana, unavuta vivuli na ngozi inabaki na ule ung'avu wake wa kahawia, mikunjo ya shingo inaonekana, hakuna uchafu. 2000D ukivuta hivyo hivyo chengachenga zinaanza kutokea mapema na kwenye ngozi nyeusi zinakuja na rangi za ajabu, kijani kidogo, zambarau kidogo. Dawa yake ni kupiga na mwanga sahihi toka mwanzo, na usogeze mtu wako chini ya mwembe au kwenye kibaraza badala ya kupigania kivuli baadaye.

Video siongezi maneno. Zote Full HD tu, na 2000D haina hata tundu la maiki, anayetaka video atafute kamera nyingine.

Kuna vumbi na chumvi. Zote mbili hazijazibwa dhidi ya maji wala vumbi. Ila uchafu ukiingia kwenye DSLR unatoa lenzi unasafisha sensa, au fundi anakusafishia fasta. Ukiingia ndani ya GR kamera lazima ifunguliwe yote, na fundi wa kuifungua kwa uhakika hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi. Usiitupe mfukoni na mchanga wa ufukweni, tafuta kapochi kenye zipu.

Bei: zilipoingia sokoni, kwa bei ya Marekani GR III ilikuwa dola 899 mwaka 2019 na 2000D na lenzi yake dola 549 mwaka 2018. Huku kwetu zinapanda na kushuka ila mpangilio ni ule ule, Ricoh ndo ghali, na ni adimu, mara nyingi mtu anakuletea toka nje. Canon ukitaka iliyotumika utaipata, na lenzi za EF, hizi zinazoingia kwenye bodi yake, zilizotumika zimejaa, kuazima kwa rafiki ni rahisi kwa sababu kila mpiga picha wa mtaani ana Canon.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wale wanaouliza. Kama unataka kamera ikuingizie hela, harusi, mahafali, pasipoti, kichen pati, chukua 2000D na ile 50mm, na kama hela haitoshi vyote viwili usinunue bodi ya juu zaidi, nunua bodi iliyotumika na lenzi mpya. GR hapo itakukwamisha, huwezi kumvuta bwana harusi toka viti vya nyuma, haina flashi ya ndani, na gizani fokasi yake inasitasita. Kama una kazi nyingine na unataka kupiga maisha, mtaa wako, watoto wako, safari za daladala, jikoni kwa mama, chukua GR III bila kujiuliza mara mbili hata kama itabidi usubiri miezi ukusanye, kwa sababu DSLR kubwa utaibeba mwezi wa kwanza alafu itakaa kabatini. Mi picha zangu ninazozipenda karibu zote zimetoka kwenye GR. Hela karibu zote zimetoka kwenye Canon.

Ukienda kununua 2000D usikubali kuuziwa 4000D kwa maelezo kwamba ni kitu kimoja, ile ina megapikseli 18 na mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki. Na angalia pale juu panapokaa flashi, kuna 2000D ambazo hazina ile pini ya katikati, flashi na triga (vifaa vya kuwasha flashi iliyo mbali) za makampuni mengine zinazotegemea hiyo pini hazitawaka. Nenda na flashi yako, ifunge hapo hapo dukani, bonyeza, ikiwaka ndo utoe hela.