Ziara ya Inspekta Morse mjini Oxford: nyota tatu, na moja ni ya mjomba

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze muda. Ziara ya miguu ya Inspekta Morse, yule mpelelezi wa kubuni wa tamthilia ya runinga ya Uingereza, tuliyoilipia Oxford naipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo tatu ni ya mjomba wangu, si ya kampuni. Kampuni yenyewe sitaitaja. Ziara za aina hii ziko kadhaa pale mjini, na ninayoyaeleza yanaweza kumkuta mtu kwenye yoyote kati yake.

Mgonjwa wa Morse kwetu ni mjomba. Alikuwa baharia, mtu wa simu ya upepo melini, na alipoiacha bahari akahamia London tamthilia ndiyo kwanza imeanza. Sehemu ya kwanza kituo cha runinga cha ITV kiliirusha Januari 1987, ya mwisho Novemba 2000, na zote kwa jumla ni 33. Mjomba anazo zote, kwanza kwenye kanda, kisha akazinunua upya kwenye diski. Mimi likizo zangu nyingi nilizimalizia sebuleni kwake, nikazitazama kwa kukosa la kufanya, mwisho nikanogewa. Alipotimiza miaka 75 nikaona nimpe zawadi ambayo hawezi kuifungia kabatini.

Tangazo liliahidi saa mbili za kutembea, kikundi kidogo, mwongozaji anayemjua Morse, na kuingia ndani ya chuo kimoja kilichoonekana kwenye tamthilia. Pauni 25 kwa kichwa. Tulipokusanyika Broad Street tulikuwa watu 22. Kama hicho ni kikundi kidogo, kikubwa sijui wanakipeleka kwa treni.

Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu, sauti inafika nyuma, na mji anaujua vizuri. Morse ndiye aliyekuwa anamjua kwa kusimuliwa. Picha karibu zote alizotuonyesha kwenye tableti yake zilitoka Endeavour, ile tamthilia ya 2012 hadi 2023 ambamo Shaun Evans anaigiza ujana wa Morse. Si mbaya, mimi mwenyewe naipenda. Lakini kwa mtu aliyekuja kumtafuta John Thaw, Morse wa tamthilia ya kwanza, ni kama umealikwa harusi ya baba ukaonyeshwa albamu ya harusi ya mtoto. Mjomba alivumilia picha tatu. Ya nne akaniuliza kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya chini, "Huyu mtoto ni nani?"

Halafu ikaja habari ya jina. Kijana akasema Morse ameitwa hivyo kwa sababu ya alfabeti ya simu iitwayo Morse, zile nukta na mistari. Mjomba akakohoa. Ukweli ni kwamba Colin Dexter, mwandishi wa vitabu vyenyewe, alikuwa mlevi wa mafumbo ya maneno, na jina alilichukua kwa Sir Jeremy Morse, mwenyekiti wa benki aliyekuwa bingwa wa mafumbo hayo. Hata la Lewis, sajini msaidizi wa Morse, lilitoka humo humo, kwa mshindani mwingine wa mafumbo. Nukta na mistari ziko kwenye muziki. Barrington Pheloung, aliyetunga wimbo wa mwanzo, aliliingiza jina la Morse ndani yake kwa mdundo wa simu. Kijana hili alilisikia mahali, akajaribu kutupigia kwa vidole kwenye tableti. Akapiga kitu, sijui ni kitu gani.

"Hapana, bwana mdogo," mjomba akasema. Akaibana fimbo yake kwapani, akagonga kwa kucha kwenye nguzo ya chuma: ndefu mbili, ndefu tatu, fupi, ndefu, fupi, fupi tatu, fupi moja. M, O, R, S, E. Akagonga tena, mara hii kwa mwendo wa muziki wenyewe, na mama mmoja nyuma yetu akaanza kuuimba wimbo kwa pua. Kijana, nampa haki yake, aliomba afundishwe, na kuanzia pale mjomba akawa mwongozaji msaidizi asiye na mshahara.

Sasa mazuri, maana yapo. Kuna kitu ambacho huyu kijana alikifanya na ambacho peke yetu kingetuchukua nusu siku. Tulipofika uwanja wa Radcliffe Camera, ile maktaba ya duara yenye kuba, akatupanga ukutani upande wa chuo cha Brasenose, akatoa picha pekee ya John Thaw aliyokuwa nayo, akatuambia tusogee hatua kwa hatua mpaka ukingo wa kuba ukutane na pembe ya jengo kama ulivyo kwenye picha. Hatua mbili kushoto, nusu hatua nyuma. Ghafla vitu vikakaa mahali pake. Unakuwa umesimama pale pale ilipokuwa kamera. Mtu asiyependa mambo haya hawezi kuelewa utamu wake, na mimi siwezi kumweleza. Ni sawa na ufunguo unapozunguka kwenye kufuli.

Brasenose penyewe ndipo Lonsdale ya kwenye tamthilia, kile chuo cha kubuni ambacho maprofesa wake huuana kama kuku. Usiulize Lonsdale njiani, haipo.

Kutoka hapo tukapita chini ya daraja la Hertford, lile lililofunikwa juu, tukaingia St Helen's Passage. Kichochoro hiki ni chembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Koti la mjomba lilitoka limepakaa vumbi la chokaa mabegani. Mwisho wake kuna baa ya Turf Tavern, dari iko chini sana, na humo Morse na Lewis waliwahi kukaa. Wanaomjua Morse wanajua anasema bia inamsaidia kufikiri, na wanajua anayelipa siku zote ni Sajini Lewis. Mjomba hanywi kileo. Aliagiza maji ya machungwa, akaketi, akapapasa mifuko yake kwa mikono miwili kama mtu aliyesahau pochi, akanitazama.

"Lewis," akasema.

Nikalipa.

Kilichoniudhi ni chuo cha Exeter. Hiki ndicho tulichoahidiwa kuingia, na ndicho hasa kilichomtoa mjomba nyumbani. Katika sehemu ya mwisho, ile ya Novemba 2000, Morse anavuka ua wa mbele wa Exeter huku kwaya ikiimba kanisani, anayumba, anaanguka kwenye nyasi, na hospitalini hatoki tena. Tulipofika Turl Street mlango mkubwa umefungwa, kibao kinasema chuo hakipokei wageni leo. Kijana akatuonyesha kwa kidole kupitia upenyo wa mlango, kisha akasema tusonge mbele kwenye hoteli. Vyuo vya Oxford hufungwa, hilo ni la kawaida: mitihani, sherehe, mazishi, vikao. Ninachodai ni kwamba kampuni inayouza kuingia ndani ingepiga simu asubuhi ile. Nilipowaandikia baadaye walinijibu kwamba kuingia "hutegemea hali ya chuo". Kwenye tangazo maneno hayo yapo, nimeyakuta, chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani.

Hoteli ni Randolph, mtaa wa Beaumont, ikitazamana na makumbusho ya Ashmolean. Tuliitazama kutoka ng'ambo ya barabara dakika tano, ziara ikaisha. Sisi wawili tulivuka tukaingia kwa gharama yetu. Kuna sehemu moja ya tamthilia inayohusu kundi la watalii wa Kimarekani waliofikia humo, kito cha kupelekwa Ashmolean kikaibiwa, na mtu akafa. Mjomba alikunywa chai yake huku akiwakagua wateja mmoja mmoja. Bei ya chai ilinifanya nielewe kwa nini Morse hakulipa.

Tulilala Oxford, na siku ya pili tukafanya ziara yetu wenyewe. Nyota ninazoibania kampuni ndipo zilipokwenda.

Exeter tulirudi alasiri, kukawa wazi. Bawabu alitukaribisha, akatuonyesha pa kupita, akatuomba tusikanyage nyasi. Mjomba akasimama kwenye ukingo wa mawe, kofia mkononi. Ua ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye runinga. Hilo ndilo alilolisema, la pekee: "Mbona padogo hivi?" Akahesabu hatua kutoka mlango wa kanisa hadi katikati ya upande wa nyasi, akirudi nyuma, akisimama, akikisia alipoangukia. Sikumpiga picha. Kulikuwa na mwanafunzi anakula kitafunwa kwenye ngazi na hakutushangaa hata kidogo. Nadhani ameona wengi wa namna yetu.

Baadaye tulishuka Jericho, mtaa wa nyumba ndogo za matofali kando ya mfereji, ambao jina lake limo kwenye jina la sehemu ya kwanza kabisa. Huko ndiko Morse anampenda mwanamke wa kwenye kwaya, na mwanamke anakutwa amejinyonga. Njia fupi ya Combe Road, inayokomea karibu na maji, ndiyo tuliyoifuata. Hapa hakuna mwongozaji wa kukupanga, kwa hiyo inabidi ujue kazi.

Kazi yenyewe, kama nilivyojifunza kwa kukosea, ni hivi. Simamisha picha nyumbani, si barabarani, na uihifadhi kwenye simu, maana jua la mchana halikuachii uone kitu ukianza kutafuta palepale. Usitazame mlango, milango hupakwa rangi, hubadilishwa. Usitazame duka wala mti. Mti wa 1987 leo umeziba nyumba nzima, au umekatwa. Tazama juu: dohani, idadi ya vyungu vyake, mteremko wa paa, mahali bomba la mvua linapopinda. Tazama madirisha, yamegawanywa vipande vingapi. Sisi tulikaa dakika 20 mbele ya nyumba isiyo yenyewe kwa sababu mlango ulikuwa wa rangi ileile. Mjomba ndiye aliyenyanyua kichwa akasema dohani si hii, na kweli haikuwa.

La pili ni kwamba wahariri wa filamu ni waongo wa kutisha. Mtu anaingia mlango wa chuo kimoja anatokea kwenye ua wa kingine, ng'ambo ya mji. Ile Jaguar Mark 2 ya rangi ya damu ya mzee, namba 248 RPA, inakata kona mbili ambazo ukizifuata kwa miguu haziunganiki. Ukitaka kutembea kwa mpangilio wa hadithi utazunguka mpaka goti likatae. Panga kwa ramani, hadithi itajipanga kichwani. Hili kijana wetu hakuligusa kabisa, na kwangu ndilo lililo tamu kuliko yote.

Kutoka Jericho tulivuka Port Meadow, uwanda wa malisho wenye ng'ombe na farasi wasio na habari na mtu, hadi Godstow yalipo magofu ya nyumba ya watawa, kisha baa ya Trout ukingoni mwa mto Thames, Wolvercote. Mjomba kwa fimbo yake alichukua karibu saa mbili, na viatu vyangu vilirudi na matope. Mvua ikinyesha usijaribu, panda basi. Ila ukifika, ukikaa nje maji yanaporomoka pembeni yako, hutahitaji picha ya kulinganisha. Palikuwa vilevile. Nilipapasa mifuko yangu mimi kwanza, lakini mzee hakuhadaika.

Kwa hiyo nani ailipie hii ziara? Mwenye siku moja tu, anayetoka London kwa treni na kurudi jioni, ailipie, lakini aulize kwa maandishi kama chuo kitakuwa wazi siku hiyo na ni watu wangapi wanaouziwa tiketi. Mwenye siku mbili na sehemu anazozikumbuka vizuri, fedha hiyo aiweke kwenye chai ya Randolph.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyetuambia Oxford, nalikuta mwenyewe nikiwa kwenye treni ya kurudi. Nyumba ya Morse, ile anayorudi usiku na kuweka santuri ya Wagner, haiko Oxford. Waliipigia picha Castlebar Park, Ealing, magharibi mwa London. Mjomba anaishi Ealing. Nilipomwonyesha simu alinyamaza mpaka kituo cha Slough.

Jumatatu alinitumia picha. Imepinda, robo yake ni kidole chake, na mbele kuna pipa la taka. Nilimuuliza kama dohani imekubali. Akanijibu kuwa hana hakika, mti umeziba, nije Jumamosi na picha ya kulinganishia, na nije na fedha.