TAHADHARI: Muuza "seti kamili" za breki na shokapu za MGB na Triumph, msimtumie hela

Wakuu, kuna muuzaji wa spea za magari ya zamani ya Uingereza, kama MGB na Triumph, anayezunguka mtandaoni na kitu anachokiita "seti kamili ya kuboresha breki na sospensheni". Tangazo lake lilipotea kwa muda, sasa limerudi, picha ni zilezile na maneno ni yaleyale. Naandika kwa sababu alichoniuzia si spea mbovu za kawaida ambazo mtu anazirudisha na kusahau. Ni vitu ambavyo ukivifunga na kuingia barabarani, siku moja utakanyaga breki kwenye mteremko, pedali iende hadi chini na gari lisisimame.

Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana analibadilisha kila malalamiko yanapozidi. Kazi yake ndiyo haibadiliki, kwa hiyo nitaeleza kazi yenyewe muitambue mkikutana nayo.

Tangazo linaahidi kwamba seti moja inaingia kwenye MGB ya mwaka wowote, kwenye Triumph TR6, na kwenye "magari mengine ya aina hiyo". Hapo tu panatosha kumkimbia. MGB ilitengenezwa tangu 1962 hadi 1980, na ndani ya miaka hiyo mambo mengi yalibadilika. Ekseli ya nyuma ya zile za mwanzo zilizo wazi, zisizo na paa gumu, si sawa na iliyokuja baadaye. Ya rimu za spoku si sawa na ya rimu za chuma. Zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 1974 na bampa nyeusi za mpira ziliinuliwa takriban milimita 38, na ndiyo sababu wenye magari hayo wanatafuta sana springi za kulishusha gari. Tapeli analijua hitaji hilo vizuri. TR6 nayo ni gari jingine kabisa: nyuma kila gurudumu linajitegemea na lina springi ya koili, wakati MGB ina ekseli moja ngumu juu ya springi za bapa. Hakuna seti moja ya nyuma itakayoingia kwenye yote mawili. Anayesema ipo ama hajawahi kulala chini ya magari haya, ama anajua anachofanya.

Mimi nilitaka vitu vya MGB ya bampa za kromu: kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) zilizofanyiwa ukarabati, diski mpya, hosi za breki zilizosukwa kwa waya wa chuma cha pua, shokapu za mbele zilizofumuliwa na kujengwa upya, springi na bushi za poliyurethani. Niliandika mwaka wa gari, namba ya chasisi na aina ya rimu. Mzigo ulipofika nilitandaza kila kitu mezani kabla ya kugusa gari.

Nianze na hosi, kwa sababu ndizo za hatari kuliko vyote. Magari ya Uingereza ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 kwa sehemu kubwa yanatumia thredi (meno ya skrubu) za inchi kwenye paipu za breki. Nati ya kawaida ni UNF, yaani thredi nyembamba za inchi, ya 3/8, meno 24 kwa inchi, kipenyo chake milimita 9.5 hivi. Magari mengi ya baadaye yanatumia M10, yaani kipenyo cha milimita 10, yenye hatua ya milimita 1 kati ya jino na jino. Tofauti ni nusu milimita, na nusu milimita hiyo ndiyo inayoua. Nati ya 3/8 ukiiingiza kwenye tundu la M10 inazunguka vizuri, ukiikaza kwa spana inashika kidogo, na kwa macho kazi inaonekana imekwisha. Lakini meno yameshikana kwa ncha tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya paipu inapanda hadi makumi ya bar, meno yanachanika, na mafuta ya breki yanamwagika kwa mkupuo mmoja.

Kwenye seti niliyoletewa, hosi mbili zilikuwa na ncha ya UNF upande mmoja na tundu la M10 upande wa pili. Hakuna MGB ya miaka hiyo inayohitaji mchanganyiko wa namna hiyo. Kipimo cha haraka ni hiki: nati sahihi inaingia kwa vidole hadi mwisho, haichezi wala haing'ang'anii. Ikitikisika pembeni ikiwa imeingia nusu, weka spana chini na uchukue geji ya thredi. Wenye TR6 muwe waangalifu zaidi, kwa sababu kalipa za mwanzo zina thredi za inchi na za baadaye ni za milimita. Halafu wengi wenu mmeshaweka kalipa za Toyota za pistoni nne, ambazo ni M10. Usiagize hosi kwa mwaka wa gari peke yake, pima kilichopo kwenye gari lako leo.

Shokapu nazo. Mbele ya MGB hakuna shokapu ya bomba kama ya magari ya sasa, kuna ile ya mkono ya kampuni ya Armstrong, na ule mkono wake ndio mkono wa juu wa sospensheni. Kwa hiyo ikichakaa, ulaini wa safari unapotea na gurudumu lenyewe linakosa mshiko wa juu, pembe yake inabadilika kila ukikata kona. Ukarabati wa kweli ni kufungua, kuchonga upya sehemu shafti inapopita, kuweka bushi na sili mpya, kisha kujaza mafuta yake. Hizi nilizoletewa zilipigwa rangi nyeusi inayong'aa, basi. Nilikwangua kwa ukucha pembeni ya kifuniko nikakuta tope la zamani chini ya rangi. Nikaibana kwenye vaisi na kuusukuma mkono juu na chini: robo ya mwendo ilikuwa tupu kabisa, kisha ukinzani ukaja ghafla. Nzima inapinga mfululizo tangu mwanzo wa mwendo hadi mwisho. Nilipofungua kizibo nilikuta ndani mafuta mazito kama ya giaboksi, yaliyowekwa ili mkono uonekane mgumu kwa mtu anayeujaribu mara moja tu. Kufikia asubuhi shafti ilikuwa imevuja pande zote mbili.

Springi zilikuwa za kawaida zilizokatwa. Mwisho wa koili ulikuwa na mstari wa grainda, na chini ya rangi chuma kilikuwa na ule ubluu unaotokana na joto, maana yake pale ugumu wa chuma umeharibika. Springi iliyokatwa inalishusha gari na kuwa ngumu zaidi, hivyo mtu anaweza kuifunga akadhani ameuziwa kitu cha michezo. Haikai sawa kwenye kikombe chake, na pale palipoungua ndipo ufa unapoanzia.

Diski "mpya" zilikuwa kuukuu, zimechongwa tena na kutobolewa matundu ili zifanane na za mashindano. Vernia, kifaa cha kupima unene, ilionyesha ziko chini ya unene wa mwisho unaoruhusiwa kwenye kitabu cha matengenezo, na matundu hayakulainishwa kingo. Ukingo mkali wa tundu kwenye diski nyembamba unapasuka kwa joto. Kalipa zilikuwa na rangi nyekundu hadi juu ya mpira wa vumbi, na pistoni zilikuwa zimelika kutu chini ya mpira huo. Boksi lake liliandikwa Girling, jina la mtengenezaji wa breki. Breki za MGB zilikuwa za Lockheed. Girling ni za Triumph. Na lile boksi la springi lililoandikwa "halisi kutoka kiwandani Abingdon" lilikuwa jipya kabisa, wakati kiwanda kile cha MG kilifungwa 1980.

Pedi hazikuwa na alama yoyote. Pedi nyingi za watengenezaji wanaoeleweka zina herufi mbili ubavuni zinazoonyesha kiwango cha msuguano, kama EE au FF, au alama ya E ndani ya duara yenye namba ya nchi iliyoithibitisha. Pedi isiyo na chochote usiifunge. Na akikuuzia pedi za "stoo ya zamani" za miaka ya 1970 kama hazina, jueni kwamba za enzi hizo mara nyingi zina asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Uingereza yenyewe ilimalizia kuipiga marufuku 1999. Usizipige msasa wala kupuliza vumbi lake kwa kompresa. Sili za mpira za umri huo pia zimeshakauka hata kama boksi halijawahi kufunguliwa.

Nilipomwandikia, jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba spea za zamani "ndivyo zilivyo". La pili lilinishauri nijaze DOT 5, aina mojawapo ya mafuta ya breki, juu ya mafuta yaliyomo, eti kuvuja kutakoma. Ushauri huo ni wa hatari peke yake: DOT 5 ni silikoni na haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. DOT 5.1 ndiyo ya jamii moja na hizo, na anajua fika kwamba watu wanazichanganya namba hizo mbili. Baada ya hapo akanifungia.

Anajidai yuko Uingereza, na anakataa kadi kabisa; anataka uhamisho wa benki, au njia ile ya kutumiana hela kati ya marafiki. Sababu iko wazi. Muuzaji halali wa mtandaoni wa Uingereza anatakiwa kumpa mnunuzi siku 14 za kughairi baada ya kupokea mzigo. Na anayelipa kwa kadi ya mkopo iliyotolewa huko, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100, analindwa na kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974. Tapeli hataki njia ambayo hela inaweza kurudi. Muombe pia picha ya kipande chenyewe kikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni, na namba ya spea. Mimi alinitumia picha iliyokatwa kona, na baadaye nikaiona nzima kwenye tangazo la mtu mwingine, nembo ya mwenyewe ikiwa palepale kwenye kona.

Kama umeshafunga vitu vyake, usiendeshe hata kwenda gereji. Vuta gari. Anza na ncha za hosi, zote, halafu kalipa, halafu pedi. Kama kuna DOT 5 imechanganywa na nyingine, mfumo wote unatakiwa kumwagwa, kuoshwa na kuwekwa sili mpya. Usitupe maboksi, risiti wala meseji, na wasiliana na benki yako mapema kwa sababu madai ya kurudishiwa hela yana muda wa mwisho. Toa pia taarifa polisi hata kama kiasi ni kidogo. Majina yake ni mengi lakini akaunti za kupokelea hela zinaweza kuwa zilezile.

Mwenye mzigo wake anitumie picha za ncha za hosi, mwisho wa koili za springi na sehemu ya chini ya shokapu. Nataka tulinganishe alama za grainda na aina ya boksi, ili taarifa itakayokwenda polisi iwe moja yenye majina yake yote.