rr: kinasa cha hitilafu zinazokuja na kutoweka

Programu inayozimika mara moja kati ya mamia haishikiki kwa gdb (kifaa cha kukagua programu ikiendelea) peke yake. Ukiitega, inatulia kama mtoto aliyeona mgeni. rr, iliyoanzia Mozilla, ni ya bure na hutumika kwenye Linux. Hunasa mwendo mzima wa programu, nawe ukaurudia vilevile mara utakazo.

Kabla ya kuilaumu lugha ya programu yenyewe, ondoa washukiwa wa karibu. Kwenye Python washa PYTHONMALLOC=debug, inayokagua matumizi ya kumbukumbu: mara nyingi mkosaji ni moduli ya C iliyoandika nje ya mipaka yake, ila anayekutwa na maiti ni mkusanya taka (sehemu ya lugha inayoachilia kumbukumbu isiyotumika tena). Kwenye PHP 8 weka opcache.jit=disable, uzime JIT, yaani kitafsiri kinachogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa programu ikiendelea. Tatizo likitoweka, shaka inahamia kwenye JIT (shaka tu, maana mwendo nao umebadilika).

Hapo rudia `rr record --chaos`, inayovuruga makusudi zamu za nyuzi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja), hadi programu ianguke. Fungua `rr replay`, endelea mpaka pale pa kuanguka, weka `watch -l`, mtego wa kuangalia kumbukumbu, kwenye anwani iliyoharibika, kisha `reverse-continue` kurudisha mwendo nyuma. Itasimama kwenye agizo lililoiandika mara ya mwisho. Hilo pekee linaipa nyota nne.

Ya tano nainyima. Nyuzi zote hupita kwenye kiini kimoja cha prosesa, hivyo programu zenye nyuzi nyingi hujikokota, na hitilafu za mpangilio wa kumbukumbu baina ya viini hazinaswi. Tena mpangilio wa Linux uitwao kernel.perf_event_paranoid uwe 1 au chini, na seva pepe nyingi huficha vihesabio vya prosesa ambavyo rr huvitegemea.