TAHADHARI: Anakuuzia kipoza joto feki, kisha anataka prosesa yako

Ndugu zangu, naomba msome mpaka mwisho, hasa wewe unayetafuta kipoza joto kikubwa cha prosesa (ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta), vile vyenye minara miwili ya mapezi, yaani vibamba vyembamba vya chuma, na feni mbili. Nimekutana na muuzaji ambaye kipoza feki kwake ni chambo tu. Samaki anayemtaka ni prosesa yako.

Mimi nahariri video. Kipoza kilichokuja na prosesa yangu kilikuwa kinalemewa kila nikianza kutoa video ndefu, feni inavuma mpaka chumba cha pili. Nikaona tangazo: kipya, boksi halijafunguliwa, paipu sita za shaba, kinaingia soketi zote, yaani aina zote za makalio ambamo prosesa hukaa. Nikamwomba picha ya kitako, yaani ule upande unaogusa prosesa. Akanitumia picha safi ya kiwandani, si ya mzigo alionao mkononi. Nilitakiwa kuishia hapo. Nikalipa.

Mzigo ulipofika, kitu cha kwanza nilichohisi ni wepesi. Ili mwelewe: kipoza kama NH-D15 cha Noctua, ambacho wengi wanakijua, kina uzito wa gramu 980 bila feni, na gramu 1,320 kikiwa na feni zote mbili. Hiki changu kilikuwa cha umbo hilohilo, ukubwa uleule kwa macho, ila mizani ya jikoni ilisoma gramu 640 bila feni. Vipoza havilingani uzito, najua, lakini minara miwili na paipu sita haviwezi kuwa vyepesi namna ile. Jina la chapa lililoandikwa kwenye boksi silitaji kwa sababu wenye chapa hawana kosa. Jina lao limeibwa.

Kisha miguu ya kufungia. Mazabodi yangu, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ni ya soketi LGA1700 ya Intel, iliyotoka mwaka 2021, na matundu yake manne yameachana milimita 78 kwa 78. Soketi za Intel zilizotangulia, kama LGA1200, zina milimita 75 kwa 75. Miguu iliyokuwa kwenye boksi ilikuwa ya 75. Nikampigia. Akanijibu kwa sauti ya upole kabisa: "Chukua tupa, panua matundu ya mazabodi kidogo tu, wateja wangu wote wanafanya hivyo." Jamani, msifanye hivyo hata kidogo! Ndani ya ubao ule kuna nyaya nyembamba zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tupa ikikata moja tu, mazabodi imekwenda. Nilipokataa, akasema ana miguu inayofaa, niongeze pesa. Nikaongeza. Kumbe hata watengenezaji wa kweli hutaja soketi moja moja, na Noctua, kwa mfano, hukutumia miguu ya soketi mpya bure ukionyesha uthibitisho kwamba ulinunua. Anayekwambia "zote" ujue hajui au anakudanganya. Hata soketi za AM4 na AM5 za kampuni ya AMD, ambazo vipoza vingi vinaingia kotekote, zina tofauti: kwenye AM5 bamba la nyuma ya mazabodi ni sehemu ya soketi na halibanduliwi, hivyo kipoza kinachodai bamba lake chenyewe hakikai.

Nilifunga kwa uangalifu wote. Nilibandua plastiki ya kitako, nikaweka kiasi pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kitako, nikakaza skrubu kwa kupokezana, mizunguko michache upande huu kisha upande wa pili, ili kipoza kisilale upande mmoja. Feni nikachomeka panapoandikwa CPU_FAN. Nikawasha. Nilipoanza kazi, sekunde chache tu joto likagonga nyuzijoto 100 na kasi ya prosesa ikaporomoka. Nikafungua, nikasafisha, nikaweka pesti upya. Vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

Sasa sikilizeni mchezo wenyewe. Nilipomweleza, kwanza alisema pesti nimeiweka vibaya. Siku iliyofuata akasema pesti ni sawa, tatizo ni kwamba prosesa "imeungua", kwamba kipoza chake kina nguvu na ndicho kimefichua ubovu uliokuwepo. Halafu, kana kwamba ananionea huruma, akasema yeye hununua prosesa mbovu kwa ajili ya vipuri, nimpelekee atanipa chochote.

Vipuri gani vinatolewa kwenye prosesa? Hakuna. Prosesa haifunguliwi ikachomolewa kitu. Swali hilo ndilo lililonizindua.

Na jambo lingine ambalo kila mmoja wetu alijue: prosesa inayopunguza kasi ikifika kwenye kikomo chake haijaungua. Inajilinda. Za Intel za kizazi cha 12 hadi 14 kwa kawaida hufanya hivyo kwenye nyuzijoto 100, na nyingi za Ryzen 7000 za AMD kwenye 95. Inachokwambia ni kwamba joto halina pa kwenda. Nilirudisha kile kipoza kidogo cha zamani, na prosesa ile "iliyoungua" ikafanya kazi usiku kucha bila tatizo.

Hapo nikageukia kipoza chenyewe. Paipu halisi ya joto ni tupu ndani. Hewa imenyonywa, yamebaki maji kidogo sana. Prosesa ikipasha upande wa chini, maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia juu kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na utambi uliomo kwenye kuta za paipu unayavuta kurudi chini. Mzunguko huo unasafirisha joto haraka kuliko fimbo ya shaba iliyojaa ya unene uleule. Huyu bwana aliwahi kuniandikia kwamba paipu zake "zimejaa ndani, ndiyo maana ni imara". Nilidhani anasifia. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Kipimo ni rahisi na hakiharibu kitu. Vua feni, chovya kitako kwenye maji ya moto, yasifike kwenye mapezi, kisha gusa ncha za paipu zinazochomoza juu. Kipoza kizima kitakuonyesha joto juu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo gusa kwa hadhari. Changu nilikaa nacho dakika nzima, ncha zikabaki baridi zote sita. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata moja. Ni fimbo ya alumini iliyojaa, imepakwa rangi ya shaba kwa nje. Kitako nacho nilipokikwaruza kwa msumari kilitoa weupe uleule wa alumini.

Nilimtumia picha. Akanifungia mawasiliano papo hapo. Baada ya siku chache nikaliona tangazo lilelile, maneno yaleyale, picha zilezile, jina jingine. Tangu nianze kuwaeleza watu, wawili wameniambia yamewakuta hayohayo, na mmoja wao alishampelekea prosesa yake. Ilikuwa nzima. Inaniuma kuliko pesa yangu, kwa sababu yule alikuwa ameiwekea akiba muda mrefu.

Kama unaongea na muuzaji sasa hivi, mwambie apige picha ya kitako na ya miguu yote ikiwa imepangwa, pembeni aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwambie aweke kipoza kwenye mizani. Mwenye mzigo wa kweli hilo halimchukui dakika mbili. Akianza kukasirika, achana naye.

Kama kipoza kimeshafungwa na unataka kukitoa ukipime, washa mashine kwanza ipate joto kidogo ili pesti ilainike, izime, chomoa umeme, kisha kizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kukivuta juu. Kwenye AM4 hasa, ukikivuta kwa nguvu prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zake za chini zikapinda, na huyo tapeli atapata ushahidi aliokuwa anautafuta.

Na kama mtu yeyote amekwambia prosesa yako imekufa, usimpe kabla ya kuijaribu na kipoza kingine, hata kile kidogo kilichokuja nayo. Ukilazimika kuipeleka kwa fundi, piga picha maandishi yaliyo juu ya kifuniko chake cha chuma, yasomeke vizuri, na umwonyeshe fundi kwamba unayo. Yule mwenzetu hakupiga, na sasa hana cha kumwonyesha mtu.